Kujaza kwa Mkono: Historia ya Risasi Iliyopimwa kwa Bunduki Moja

Risasi ya bunduki ya kuwindia ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyochomekwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Mwindaji anayejaza risasi zake mwenyewe huliokota ganda lililokwisha kufyatuliwa, hulirudishia umbo, hulitia fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani, kisha hukaza kichwa kipya shingoni mwa ganda. Wengi waliianza kazi hii kwa kutafuta unafuu wa bei, wakaendelea nayo kwa sababu bunduki zao zilianza kupiga pale zilipolengwa. Historia yake ni ya kutafuta ufanano: risasi ya kumi itoke kama ya kwanza, na zote zikubaliane na mtutu mmoja unaojulikana.

Kabla ya ganda la shaba, kila mwenye bunduki alikuwa mjazaji. Aliyebeba gumegume alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaifunga golori ya risasi kwa kitambaa chenye mafuta, akaishindilia kwa mdeki mpaka ikakaa juu ya baruti. Mafundi wa Ujerumani walianza kuchonga mifereji ya mzunguko ndani ya mitutu mwishoni mwa karne ya 15. Golori iliyopita kwenye mifereji hiyo ilitoka ikizunguka kama pia, na mzunguko ule uliishikilia katika njia yake. Mwindaji wa zama hizo alijua kwa uzoefu kwamba baruti kidogo zaidi, au kitambaa kinene zaidi, hubadili mahali pa kupiga. Alikuwa akiitafutia bunduki yake mshindilio unaoifaa, ingawa hakuwa na kipimo cha kumweleza kwa nini.

Kipimo cha kwanza cha maana kilitoka kwa Mwingereza Benjamin Robins. Katika kitabu chake New Principles of Gunnery cha mwaka 1742 alieleza jinsi ya kupiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia, kisha kukokotoa mwendo wa risasi kwa kutazama ubao umesukumwa umbali gani. Alionyesha pia kwamba golori inayotoka kwenye mtutu laini huyumba kwa sababu huzunguka ovyo inapogusa kuta za mtutu. Miaka 65 baadaye mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander John Forsyth, alipata hataza ya njia mpya ya kuwasha baruti. Alikuwa mwindaji wa ndege, na ndege waliona cheche ya gumegume wakaruka kabla marisau hayajawafikia. Forsyth alitumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa fataki, na fataki ikaufanya muda kati ya kuvuta kifyatulio na kulipuka kwa baruti uwe mfupi na ulio sawa kila mara.

Ganda la shaba lilikuja kukomaa katika miaka ya 1860. Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja kwao, walipata njia ya kuweka fataki katikati ya kitako: Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa jeshi la Uingereza. Katika mfumo wa Berdan, kijifuawe kinachogongewa fataki ni sehemu ya ganda lenyewe, na moto hupenya kwenye matundu madogo pembeni. Katika mfumo wa Boxer, kijifuawe kimo ndani ya fataki, na ganda lina tundu moja katikati. Historia ikazungusha mambo: Ulaya kwa sehemu kubwa ikashika mfumo wa Mmarekani, Marekani ikashika wa Mwingereza. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Ganda la Boxer hutolewa fataki kuukuu kwa kusukumwa na sindano moja ya chuma kupitia tundu la katikati. Ganda la Berdan husumbua. Kwa hiyo kujaza kwa mkono kukaota mizizi Marekani, na huko ndiko sehemu kubwa ya historia hii ilikotokea.

Wawindaji wa nyati wa Amerika katika miaka ya 1870 walijaza risasi zao usiku kambini. Walibeba vipande vya madini ya risasi, kalibu za kumiminia vichwa, baruti na mabunda ya fataki, kwa kuwa duka la karibu lilikuwa mwendo wa siku nyingi. Bunduki zao, nyingi zikiwa za kampuni ya Sharps, zilipiga vichwa vizito kwa mbali. Ustadi huo ulitumika katika maangamizi: makundi ya nyati yaliyojaza nyanda za kati yalifutika katika muda wa miaka michache, na Wenyeji wa Amerika walioishi kwa wanyama hao wakaachwa bila chakula.

Uwanja wa shabaha ndio uliotoa ushahidi wa wazi wa faida ya kujaza kwa makini. Timu ya Ireland, iliyoshinda ngao ya Elcho huko Wimbledon mwaka 1873, iliwaalika Wamarekani kushindana. Pambano lilifanyika tarehe 26 Septemba 1874 katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walitumia bunduki za Rigby za kushindilia mdomoni. Wamarekani walikuja na bunduki za Sharps na Remington zinazopakiwa kwa nyuma, jambo ambalo wajuzi wengi wa wakati ule waliliona kuwa udhaifu. Kila timu ilikuwa na watu sita, na kila mpigaji alipiga risasi 15 kwa kila umbali. Mwairishi J. K. Milner alipiga katikati kabisa ya shabaha, lakini haikuwa shabaha yake, na alama zake 4 zikapotea. Mpigaji wa mwisho wa Marekani, John Bodine, alikuwa amekatwa mkono na chupa iliyopasuka. Alifunga kitambaa, akalala chini, akapiga katikati kwa yadi 1,000. Marekani ilipata alama 934, Ireland 931. Risasi za ganda zilikuwa zimethibitisha kwamba zikijazwa kwa uangalifu zinaweza kushindana na mshindilio bora wa mdomoni.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1884, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut. Chombo chake kilichojulikana zaidi kilifanana na koleo, nacho kilitoa fataki kuukuu, kikatia mpya, kikabana shingo ya ganda na kukaza kichwa. Kilitosha mfukoni. Barlow alichapisha pia kijitabu cha mwongozo kilichowafundisha wakulima na wachunga ng'ombe jambo ambalo hapo awali walilijua mafundi bunduki tu. Kampuni yake ilikuja kuingia mikononi mwa kampuni ya Lyman mwaka 1925, na jina la Lyman limebaki katika kazi hii hadi leo.

Wakati huohuo wahamiaji wa Kijerumani huko Marekani walikuwa na vilabu vyao vya shabaha, vilivyoitwa Schuetzen, ambako usahihi ulitafutwa karibu kama ibada. Fundi mashuhuri wa vilabu hivyo alikuwa Harry Pope, aliyezaliwa 1861. Pope aliona kwamba kichwa cha risasi laini kikisukumwa kutoka nyuma, mifereji hukichubua na kuacha vijinyuzi kitakoni. Akatengeneza kipande cha mdomo wa bandia kinachovishwa juu ya mtutu: mpigaji alikiingiza kichwa kutokea mbele, akakisukuma hadi nyuma, kisha akapakia ganda lenye baruti peke yake. Wapigaji wengi walitumia ganda moja tu shindano zima, wakilijaza upya baada ya kila mlio, ili pasiwe na tofauti kati ya ganda na ganda. Mwaka 1901 C. W. Rowland wa Colorado, akitumia mtutu wa Pope, alipiga risasi 10 kwa yadi 200 na matundu yake yote yakaingia katika upana wa inchi 0.725. Kundi la namna hiyo lingemfurahisha mwindaji wa leo mwenye darubini ya kisasa.

Aliyetaka kujua kwa nini haya yanatokea alikuwa daktari, Franklin Mann wa Milford, Massachusetts. Kwa miaka mingi alitumia mali na afya yake katika uwanja wake mwenyewe wa majaribio. Ili kuondoa makosa ya mkono wa binadamu alijenga egemeo zito la zege, akauweka mtutu mtupu katika mfereji wa chuma wenye umbo la V, akapanga karatasi nyembamba njiani ili kila kichwa kiache tundu la kuonyesha kilivyopita. Aliharibu vichwa kwa makusudi na kuvilinganisha. Akakuta kwamba kichwa kilichochongoka vibaya puani hakikupotea sana, lakini kilichojeruhiwa kitakoni kilitupwa mbali, kwa sababu gesi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine pale kinapouacha mdomo wa mtutu. Akaonyesha pia kuwa kichwa kisicho na uwiano wa uzito huenda upande kikishatoka. Kitabu chake, The Bullet's Flight from Powder to Target, kilitoka mwaka 1909. Kinasomeka kwa taabu, kimejaa majaribio yaliyoshindwa yakiwa yameandikwa bila kufichwa, na kwa uaminifu huo kinastahili heshima kuliko vitabu vingi vilivyokifuata.

Kufikia hapo baruti yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaitia katika bunduki ya Lebel. Risasi ya zamani ya .45-70 ilikuwa na mwendo wa futi takriban 1,300 kwa sekunde, ile ya .30-06, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, ilifika futi 2,700. Madini laini ya risasi hayakuvumilia mwendo huo, hivyo vichwa vikavikwa koti la shaba. Kwa mjazaji mambo yakawa ya hatari. Baruti nyeusi ilipimwa kwa kikombe, na ganda likajazwa mpaka juu. Aliyefanya hivyo kwa baadhi ya baruti mpya alipasua bunduki, na pengine uso wake. Mizani ikawa chombo cha lazima. Kipimo chake ni greni, na paundi moja ina greni 7,000.

Fataki nazo zilileta balaa. Zile za zamani zilikuwa na zebaki, na zebaki ililifanya ganda kuwa dhaifu na kuvunjika lilipotumiwa tena na baruti isiyo na moshi. Zilizofuata zilikuwa na klorati, ambayo iliacha chumvi ndani ya mtutu. Mtutu usipooshwa kwa maji siku ileile ulishika kutu, na mtutu wenye kutu haupigi sawa. Remington ilipoleta fataki ya Kleanbore katika miaka ya 1920, tatizo lilianza kwisha, na makopo ya mafuta ya kutu yakapungua kwenye meza za wawindaji.

Katika muongo huohuo maofisa Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns walikuwa wakijaribu risasi ndogo ya kale, .22 WCF, kwa baruti mpya na vichwa vyenye koti katika kiwanda cha silaha cha Springfield Armory. Kutokana na majaribio hayo Winchester ilianza kuuza risasi ya .22 Hornet mwaka 1930, kabla haijatoka kiwandani hata bunduki moja ya kuifyatua. Whelen aliandika katika magazeti kwa miongo mingi, na alisisitiza shabaha kuliko kishindo. Mwaka 1937 Philip Sharpe alichapisha kitabu kikubwa cha kujaza risasi, na mtu aliyeishi mbali na fundi yeyote akapata mwalimu.

Vita Kuu ya Pili ilikausha maduka ya risasi, na uhaba huo ukazaa viwanda. Huko Oroville, California, mwaka 1943, Fred Huntington alianza kutengeneza kalibu za chuma za kufinyanga vichwa, koti zake zikitokana na maganda matupu ya risasi ndogo za .22. Vichwa hivyo vilikusudiwa mnyama wa jamii ya kindi aishiye miambani, aitwaye rock chuck, na kutokana na hilo likaja jina RCBS, lililo kwenye mashine nyingi za kujazia duniani. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi iliyobaki, aina ya 4895, akaihifadhi katika behewa kuukuu la treni alilolipeleka malishoni, akaanza kuiuza kwa barua. Baruti ilikuwa nzuri na ya bei ndogo. Joyce Hornady alianza kuuza vichwa huko Grand Island, Nebraska, mwaka 1949. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko British Columbia, na vichwa vyake vilipasukia kwenye ngozi iliyoganda tope bila kupenya. Akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948. Shabaha nzuri peke yake haimwondolei mnyama mateso. Kichwa lazima kifike moyoni au mapafuni, na wazo la Nosler limewaepusha wanyama wengi na kifo cha polepole.

Kizazi hicho cha baada ya vita ndicho kilichopanga hatua ambazo wajazaji huzifuata hadi sasa. Ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo halisi la chumba cha bunduki ile. Mjazaji anayelibana shingo tu, au anayelirudisha mabega kwa kiasi kidogo sana, hupata ganda linalokaa chumbani bila kulegea, na kichwa hulingana na mhimili wa mtutu. Kisha huja kina cha kukaza kichwa. Kiwanda hukikaza ili risasi iingie katika kila bunduki ya aina hiyo, hata zile zenye chumba kifupi. Mjazaji hukisogeza karibu au mbali na mwanzo wa mifereji ya bunduki yake, akipima kila badiliko kwenye karatasi. Mwisho ni kiasi cha baruti. Mtutu hutetemeka kila unapofyatuliwa, na kipo kiasi ambacho kichwa hutoka mdomoni wakati mtikisiko umetulia. Hapo matundu hukusanyika. Kiasi hicho hutafutwa kuanzia chini, ndani ya mipaka iliyochapishwa na watengeneza baruti, na kupanda kwa sehemu ndogo za greni. Anayeruka hatua hizo huhatarisha macho na mikono yake.

Hadi miaka ya 1960 mjazaji aliukisia mwendo wa vichwa vyake kwa kusoma majedwali. Mwaka 1966 Ken Oehler wa Texas alianza kuuza kronografu, chombo cha kupima mwendo wa risasi, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Ilibainika kwamba risasi zilizodhaniwa kuwa sawa zilitofautiana futi 50 au 100 kwa sekunde. Kwa yadi 100 tofauti hiyo haionekani sana. Kwa yadi 500 huwa inchi kadhaa juu au chini, na mnyama hujeruhiwa akatokomea msituni.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya bunduki za mitutu miwili za Waingereza. Risasi kubwa za Nitro Express, kuanzia .450 ya Rigby mwaka 1898, zilitumia kordaiti, baruti yenye umbo la nyuzi ambayo shinikizo lake hupanda joto linapozidi. Mafundi waliyafanya maganda kuwa makubwa ili shinikizo libaki dogo na ganda lisigande chumbani mbele ya tembo. Mitutu miwili ya bunduki hizo iliunganishwa ikikaribiana kidogo upande wa mdomoni, na fundi aliifyatua, akasogeza kabari, akafyatua tena, mpaka yote ikapiga pamoja kwa risasi ya aina moja tu. Katika .470, kwa mfano, vipimo vilikuwa greni 75 za kordaiti na kichwa cha greni 500, na hesabu hizo huchorwa kwenye chuma cha mtutu wenyewe. Kichwa kikienda polepole kuliko ilivyokusudiwa, mitutu hupiga kwa kuachana. Kikienda kasi mno, hupishana. Wawindaji wa kulipwa wa Kenya na Tanganyika waliziamini bunduki hizi, na walizilisha risasi za kiwanda cha Kynoch.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kynoch iliacha kutengeneza risasi hizo. Bunduki zilizogharimu mali nyingi zikawa pambo. Walioziokoa ni wajazaji. Mmarekani Jim Bell alianza kutengeneza maganda mapya, wengine wakatengeneza vichwa, na kila mwenye bunduki akarudia kazi ya fundi wa London kwa upande wa pili: badala ya kusogeza mitutu, alitafuta kiasi cha baruti ya kisasa kitakachorudisha mwendo wa kordaiti, futi takriban 2,150 kwa sekunde kwa .470, mpaka mitutu yote miwili ikapiga pamoja tena. Hapa kronografu ilikuwa na thamani kuliko mahali pengine popote. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii, na bunduki hizo bado husikika huko.

Mwaka 1975 daktari Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell walitengeneza risasi fupi na nene, 6mm PPC, kwa wapigaji wanaoegemeza bunduki mezani, nayo ikatawala mashindano kwa miongo. Viwanda vikaanza kusikia. Mwaka 1977 kampuni ya Federal ilianza kuuza risasi za kuwindia zenye vichwa vya Nosler na Sierra, vichwa ambavyo hapo awali vilitumiwa zaidi na wajazaji. Pengo kati ya sanduku la dukani na meza ya nyumbani limepungua tangu wakati huo, na bunduki nyingi za leo hupiga inchi moja kwa yadi 100 bila kujaziwa chochote. Faida iliyobaki ni kwa mwenye mtutu mkaidi, au risasi iliyokwisha kuachwa na viwanda, au umbali mrefu.

Mwaka 2007 kampuni ya Hornady ilitoa risasi mpya iliyobuniwa ili ipige kwa usahihi mbali, na kwenye masanduku ya kwanza ikachapisha aina ya baruti, kiasi chake na kichwa kilichotumika, ili mpigaji aweze kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Iliipa jina la uwanja wa Long Island uliokwisha kufungwa zamani: 6.5 Creedmoor.